Mguu wa Mzee Mwavuli

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefika! Hata begi sijalifungua, naandika kwanza, maana nikingoja kesho nitakuwa nimeshazoea na raha yote itakuwa imepoa. Chumba kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama mdogo alinionya nisije ng'ambo nikaanza kulalamika, basi silalamiki. Ukuta wa jirani ni mzuri sana.

Karakana nimeiona leo hii hii. Ndipo nitakapojifunza kutengeneza miguu ya bandia mpaka mwisho wa Novemba. Kila kitu kina vumbi jeupe la plasta. Kuna tanuri la kulainishia plastiki, kuna vyuma viwili vya kushikilia mgonjwa anapojifunza kutembea, na kuna rafu imejaa nyayo za mpira, za kulia huku, za kushoto kule. Mtu asiyejua angetimua mbio. Mimi nilitaka kuzishika zote.

Fundi mkuu ni mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani, maneno yake machache kama ya mtu anayelipia kila neno. Ametuambia mimi na mwanagenzi mwenzangu kwamba kila mmoja atatengeneza mguu mmoja wa mtu halisi, tangu kipimo cha kwanza hadi siku mtu huyo anapoondoka nao. Na tukimaliza, kituo kinatulipia siku nzima ya kutembezwa mji na mwongozaji wa watalii. Niliuliza maswali mengi mpaka mwenzangu akanikanyaga chini ya meza.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Plasta. Mvua.

Jumatano, 11 Septemba

Majina yameshagawanywa. Mwenzangu ni Twiga, kwa urefu wake. Ametoka nchi nyingine, mpole, mtaratibu, anavaa viatu vya michezo vya njano vinavyoonekana kutoka mtaa wa pili. Mimi wameniita Redio. Sikununa, jina limenikaa. Fundi mkuu tunamwita Mama Tena, kwa siri, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Leo nimemfunga Twiga bendeji ya plasta mguuni kwa mazoezi, nikaivua, nikaipeleka kwa mbwembwe. Mama Tena akavaa miwani, akaitazama, akaivunja kwa nyundo. "Tena." Nikafunga nyingine. Nyundo. "Tena." Hadi jioni vidole vimekuwa vyeupe kama vya mpika maandazi, na Twiga hana unywele hata mmoja mguuni.

Yule mama hana huruma. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia usoni.

Jumanne, 17 Septemba

Leo nimekutana na mwenye mguu wangu!

Karakana nzima inamwita Mzee Mwavuli. Ni mwongozaji wa watalii, wale wanaotembea mbele wameinua mwavuli mwekundu ili wageni wasipotee. Mwaka jana gari lilimgonga, akakatwa mguu chini ya goti. Alitengenezewa mguu mahali pengine, ukawa unamtafuna, akautupa juu ya kabati. Amekuja kwa magongo, suti imepigwa pasi, masharubu yamechanwa. Kabla hajakaa alikuwa ameshatueleza nani alijenga jengo la karakana yetu na kwa nini madirisha yake ni madogo. Nikajisemea, huyu ndiye mtu wangu.

Kisha akaacha mzaha. Kampuni yake imemwekea nafasi hadi mwisho wa mwaka. Lazima aongoze msafara mmoja mzima, mji wa kale wote pamoja na ngazi za mnara, msimamizi akimtazama. Akishindwa, watamkalisha kwenye kibanda cha kuuza tiketi.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nikikaa kibandani nitakufa na maneno tumboni."

Nikamwambia kibandani hataenda. Mama Tena akanitazama juu ya miwani. Nadhani alitaka nisiahidi kitu ambacho sijakitengeneza bado.

Mzee ana sharti moja. Hakuna mgeni atakayejua. Anasema watu hulipa kuutazama mji, na wakishaanza kumtazama mguu na kumwonea huruma, hakuna atakayesikia neno lake tena. Nikaapa sitamwambia mtu. Twiga akacheka mpaka akakohoa, akasema kunipa mimi siri ni kumkabidhi fisi bucha.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimechukua kipimo cha kigutu cha Mzee, kile kipande cha mguu kilichobaki, kwa plasta. Mara hii nyundo haikuinuliwa. Mama Tena aliligeuza lile umbo mkononi, akalisogeza kwenye mwanga, akaliweka mezani taratibu. Nimekula chakula cha jioni nikiwa nacheka peke yangu.

Jumanne, 1 Oktoba

Amesimama! Mzee Mwavuli amesimama kwenye mguu nilioutengeneza mimi, kwa mikono hii inayoandika. Nusura nipige kigelegele katikati ya karakana.

Tumemweka katikati ya vile vyuma viwili. Mwanzo alishika kwa nguvu, jasho likamtoka. Nikamwambia aongee, maana nimeshaona kwamba akiongea anasahau kuogopa. Basi akaanza kazi. Tanuri letu akaligeuza mahakama ya zamani, rafu ya nyayo ikawa soko la samaki, na ndoo za plasta zikawa chemchemi ambamo, eti, mfanyabiashara mmoja alizama na mfuko wake wa dhahabu kwa kukataa kuuachia. Kufika mwisho wa vyuma alikuwa ameachia mkono mmoja ili atuonyeshe mahakama. Twiga alipiga makofi, wagonjwa wengine wakapiga makofi, hata mpishi wa kantini alitoka kuangalia.

Mama Tena hakupiga makofi. Alikuwa ameinama anatazama goti. Nikamwonea hasira, mtu gani huyu asiyejua kufurahi?

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Mzee amepewa mguu aende nao nyumbani. Ameondoka bila magongo!

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku mbaya.

Mzee amerudi kwa magongo, mguu ameufunga kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayerudisha kuku aliyeoza dukani. Alipokunja suruali nikaona kidonda mbele ya kigutu, chekundu, kinatoa maji. Kikombe, yaani ile sehemu ya juu ambamo kigutu huingia, kilikuwa kinambana mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Mimi ndimi niliyekichonga. Alianza kuumia siku ya pili, akanyamaza, akaendelea kutembea kwa sababu alikuwa na furaha na hakutaka kunivunja moyo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitukana ningelala vizuri.

Nilianza kuomba radhi na kueleza, na kueleza, nikasema kipimo kilikuwa sawa, labda ni baridi, labda soksi. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba leo hana nguvu za kusikiliza. Akaondoka. Kwenye mlango aliniambia nisijisumbue, kibandani nako kuna kiti.

Nilikwenda stoo nikalia kati ya magunia ya plasta. Mama Tena akaingia. Nikajiandaa kwa ile "tena" yake. Hakuisema. Akanipa kikombe nilichokichonga, akachukua kidole changu na kukipitisha ndani, polepole, mpaka nikalihisi tuta dogo, dogo hata jicho halilioni. Siku ile ya makofi, alisema, aliona goti la Mzee linakwepa, akadhani ni woga wa mtu aliyetoka kwenye magongo. Alikosea, na kosa hilo ni letu sote wawili. Kisha akaniambia nifute pua tuanze.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Najiambia hivyo. Bado sijaamini vizuri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mzee hajaja.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hajaja. Simu yake inaita tu. Twiga ananiletea chai, anakaa karibu, hasemi kitu. Amejifunza wapi kunyamaza vizuri hivyo?

Jumatano, 23 Oktoba

Amekuja! Kidonda kimekauka, amekubali kipimo kipya.

Na nimejua kilichomleta. Mama Tena, yule niliyemwita hana huruma, Jumapili alipanda basi mpaka kwa Mzee, mvua ile, akakaa sebuleni kwake tangu mchana hadi jioni. Mzee ndiye aliyesimulia, akimwigiza. Anasema mama huyu hakumbembeleza hata kidogo. Alikunywa chai, akamtaka amwonyeshe mji kupitia dirishani. Mzee akaanza kueleza jengo moja, la pili, la tatu, na alipofika kwenye mnara ukungu ukawa umeuficha. Mama Tena akasema, basi huo itabidi nikuone ukinionyesha kwa miguu. Akavaa koti akaenda zake.

Nimechonga leo kutwa. Kila nikidhani nimemaliza napitisha kidole ndani, na mimi mwenyewe najiambia "tena" kabla hajaniambia yeye.

Jumatatu, 4 Novemba

Kikombe kipya kimekaa. Mzee ametembea asubuhi yote, tukavua, tukaangalia ngozi: safi. Mchana ametembea tena, tukavua: safi. Sikusema kitu kwa muda, mpaka Mzee akauliza kama naumwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Ngazi za nyuma ya jengo, kwenye manyunyu. Panda, shuka, panda, shuka. Mguu mzima hutangulia kupanda, wa bandia hutangulia kushuka. Mzee ametunga wimbo wa hilo, mbaya sana, na sasa karakana nzima inauimba.

Ijumaa, 15 Novemba

Siwezi kukaa kwenye kiti. Mama Tena ametuita baada ya chai akasema ameongea na kampuni ya Mzee. Ule msafara wa kutembezwa mji, wa wanagenzi wanaomaliza, sisi na wenzetu wa vituo vingine, mwongozaji wetu atakuwa Mzee Mwavuli. Msimamizi wake atakuwemo. Safari yetu ndiyo mtihani wake!

Nimemtumia mama mdogo ujumbe wa sauti mrefu mpaka simu ikaishiwa chaji. Amejibu kwamba hajaelewa chochote ila anafurahi, na nisisahau kupiga picha.

Halafu nikakumbuka kiapo. Siku nzima nitatembea nyuma ya mguu wangu mwenyewe, kati ya watu, na sitaruhusiwa kumwambia hata mmoja. Mungu nisaidie.

Alhamisi, 28 Novemba

Anga imefunguka. Nimenyoosha gauni mara mbili.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nianze mwanzo, nisije nikaruka jambo.

Tulikutana uwanjani mbele ya mahakama ya zamani, jua linawaka, mawe ya barabara yanang'aa. Wanagenzi kama ishirini, wengi siwajui, wengine wa mapishi, wengine wa bustani, kamera shingoni. Msimamizi ni mwanamke mrefu, koti la kijivu, ameajiriwa majuzi, hajawahi kumwona Mzee akifanya kazi. Aliwahi kusoma tu kwamba alipata ajali akakatwa mguu. Mama Tena hakuja. Alisema fundi akimfuata mteja njiani, mteja hutembea vibaya.

Mwavuli mwekundu ukatokea kwenye kona. Mzee, suti ya bluu, masharubu, na moyo ukanirukaruka kwa furaha. Kisha nikamtazama chini, na furaha ikakatika.

Viatu vipya. Vyeusi, vya ngozi, vinang'aa, vya sherehe kabisa. Na vina kisigino.

Kila aliyekaa karakana wiki moja anajua. Mguu wa bandia husawazishwa pamoja na kiatu chake. Kifundo chake hakijikunji chenyewe kama chetu. Ukimvika mtu kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, mguu wote unasukumwa mbele, na goti linataka kumwangusha kila hatua. Tulimsawazisha kwa raba zake za zamani, zilizo bapa. Na ni kazi yangu kumwambia asibadilishe. Nimemweleza mtu huyu habari za mama mdogo, za ukuta wa jirani, za bei ya nyanya kwetu, kila kitu chini ya jua, na hilo moja sikulisema.

Alianza vizuri, mahakama, chemchemi, mfanyabiashara na dhahabu yake, watu wakicheka. Lakini mimi nilikuwa naliona goti. Kwenye mteremko wa soko la samaki aliyumba, akaufanya ule mwavuli fimbo, akaendelea kuongea. Jasho lilikuwa limeanza kwenye sikio. Msimamizi akaandika kitu. Mnara ulikuwa bado uko mbele, ngazi zake zinazunguka mpaka juu.

Tulipofika jumba la makumbusho akawapa wageni muda wa kuangalia wenyewe. Nilimfuata hadi kwenye korido ya vyoo. Alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Nikamwambia ni viatu, na ni kosa langu. Hakunikaripia. Alisema alivinunua kwa ajili ya leo, alitaka kurudi kazini kama mtu na heshima zake. Nyumbani ni mbali, maduka ya viatu yako ng'ambo ya mto.

Mara Twiga akatokea, anatafuta choo. Nikamtazama miguuni. Vya njano, bapa kama chapati.

"Namba ngapi?"

"Arobaini na tatu," akasema, namba ile ile ya Mzee, na kabla sijasema neno akaanza kufungua kamba.

Kuuvua na kuuvika kiatu mguu wa bandia si mchezo, maana unyayo hausaidii hata kidogo, hauvuti vidole, umekaa tu kama gogo. Nikakimbilia mgahawa wa jumba la makumbusho, nikaomba kijiko kikubwa, mhudumu akauliza cha supu gani, nikamwambia cha kiatu. Nikakiingiza nyuma ya kisigino, Twiga akimshikilia Mzee mabegani, mimi nikisukuma, tukicheka sote kwa woga. Kikaingia. Mzee akapiga hatua mbili, tatu. Goti likatulia. Akapumua mpaka masharubu yakatikisika.

"Lakini mwanangu," akasema, "suti ya bluu na viatu vya kuku?"

Alitoka hivyo hivyo. Wageni walipasuka vicheko. Naye akanyoosha mguu mmoja mbele, akasema mwavuli unaweza kupotea kwenye ngazi za mnara kwa sababu ya giza, basi wafuate njano. Wakampigia makofi. Twiga nyuma yetu, na vile viatu vya sherehe, akitembea kwa uangalifu kama bwana harusi kwenye matope. Msimamizi hakucheka. Kuanzia hapo alikuwa anatazama viatu tu, macho hayabanduki.

Mnara. Alipanda wa kwanza. Nilikuwa nyuma yake, nasikia hatua zake kwenye jiwe, na nilikuwa najua kila hatua inagusa wapi ndani ya kikombe. Alisimama mara moja. Nikainua mikono kumdaka. Kumbe alisimama kutuonyesha jina lililochongwa ukutani na mwashi aliyemkosa mchumba wake. Akaendelea. Juu upepo ulitupokea, mji mzima chini, mapaa, mto, na Mzee Mwavuli aliinua mwavuli wake akageuka atueleze, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa la kusema. Alitazama tu. Wageni wakadhani ni sehemu ya safari, nao wakatazama, kimya. Mimi nililia waziwazi, nikasingizia upepo.

Kushuka alishuka kwa ule wimbo wake mbaya, na wageni wakauitikia bila kujua ni wimbo wa nini.

Chini uwanjani watu walikuwa wakimzunguka, wengine wakitaka picha na viatu. Mpishi mmoja kijana alisema huyu ndiye mwongozaji bora aliyewahi kumwona, na mimi nilikuwa na maneno yamejaa kinywani mpaka yananichoma. Ningemwambia nani? Ningewaambia wote! Ningepanda juu ya chemchemi!

Ndipo msimamizi akaja kusimama kando yangu. Alikuwa ameambiwa natoka karakana ile. Alisema Jumatatu atamrudishia Mzee msafara wake, na wala haikuwa ngumu kuamua. Kisha akashusha sauti.

"Nimemtazama miguu tangu kwenye makumbusho, kwa ajili ya vile viatu. Kupanda nimemtazama, kushuka nimemtazama. Hebu niambie, ni upi?"

Nikamtazama Mzee. Alikuwa amesimama katikati ya watu, uzito wote sawasawa, anasimulia tena habari za yule mwashi, na sasa mchumba alikuwa ameongezewa dada.

Niliupima mimi. Niliuchonga mimi, nikauchonga tena, nikaujua ndani kwa kidole kuliko ninavyoujua wangu.

"Sijui," nikamwambia.